Kisima Kisichopimwa Hakijakamilika

Mtambo wa kuchimba ukishagonga maji, mwenye kiwanja na majirani zake huuliza mambo mawili: yanatoka mengi kiasi gani, na ni ya chumvi au ni baridi. La kwanza fundi hulijibu kwa pampu, akiyavuta maji kwa saa kadhaa mfululizo huku akiandika lita zinazotoka na jinsi maji yanavyoshuka ndani ya shimo. La pili hujibiwa kwa ulimi. Maji yakiwa mengi, maangavu na hayana chumvi, kisima huhesabiwa kimekamilika, malipo ya mwisho hutolewa, na jioni hiyohiyo ndoo hupangwa foleni. Katika sehemu kubwa ya kaskazini mwa Tanzania na Bonde la Ufa nchini Kenya, utaratibu huo unaacha nje swali zito kuliko yote mawili: mwamba wenyewe umeyeyusha nini ndani ya maji hayo? Ninachokitetea hapa ni kwamba kisima cha mtu binafsi hakijakamilika mpaka maji yake yapimwe maabara kutafuta madini yanayotoka katika miamba ya mahali pale, na kwamba kipimo hicho kifanyike kabla mtoto hajaanza kuyanywa, si baada ya meno yake kubadilika rangi.

Tuanze na floraidi, kwa sababu ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi katika ukanda huu. Lava na majivu ya volkeno za Meru, Kilimanjaro na za Bonde la Ufa yana sodiamu nyingi na floraidi nyingi, lakini kalsiamu kidogo. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Kalsiamu ikiwapo ya kutosha huishika floraidi, zikafanya madini magumu yasiyoyeyuka kwa urahisi, na maji yanaachwa na floraidi kidogo. Kalsiamu ikikosekana, floraidi haina kinachoizuia. Inabaki ndani ya maji na kuongezeka kadiri yanavyokaa muda mrefu chini ya ardhi yakipenya majivu na nyufa za mwamba. Maji ya namna hii mara nyingi huwa laini. Sabuni hutoa povu mara moja, nguo zinatakata, sufuria haigandi ukoko mweupe, na mama wa nyumba anayasifu. Sifa hizo zinatoka palepale hatari inapotoka, yaani katika upungufu wa kalsiamu. Kiasi ambacho ardhi hii inaweza kutoa kinaonekana katika maziwa yake ya magadi, ambako maji hukauka kwa jua na madini yanabaki: katika maziwa ya Momella, chini ya Mlima Meru, imepimwa floraidi ya hadi miligramu 690 kwa lita, na katika Ziwa Nakuru hadi 2,800. Hakuna anayekunywa maji ya maziwa hayo, lakini visima vinachimbwa katika miamba ya asili ileile.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Kiasi kidogo, pungufu ya hapo, huimarisha meno, na ndiyo maana floraidi hutiwa katika dawa ya mswaki. Mtu akiuliza iweje kitu kimoja kiwe dawa na sumu, jibu liko katika kipimo na katika muda. Mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, yaani tangu uchanga hadi miaka kama minane, akinywa floraidi nyingi, gamba la nje la meno hayo halikomai vizuri. Meno yanaota na madoa meupe kama chaki, kisha yanashika rangi ya kahawia, na yakiathirika sana humeguka. Hakuna mswaki wala dawa ya kurudisha kilichoharibika, kwa sababu uharibifu ulimalizika kabla jino halijatokeza. Floraidi ikiwa kati ya miligramu 3 na 6 kwa lita, mifupa huanza kuathirika kwa wanaokunywa miaka mingi. Ikipita 10, viungo vinaweza kukakamaa na uti wa mgongo ukapinda. Katika vijiji vya Arumeru, kando ya Mlima Meru, wapo watoto waliopinda miguu na watu wazima wasioweza kuinama kwa sababu hiyo. Na jambo hili si la kona moja ya nchi moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikusanya sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya ardhini kutoka sehemu mbalimbali za Kenya: asilimia 61 zilikuwa na zaidi ya miligramu 1 kwa lita, karibu asilimia 20 zilipita 5, na asilimia 12 zilipita 8.

Katika viwango hivi floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Ulimi unaotambua chumvi mara moja hauna habari nayo. Njia tulizozoea za kusafisha maji nazo hazifai kitu hapa, maana zote zilibuniwa kupambana na vijidudu au tope. Klorini inaua vijidudu, floraidi haiigusi. Kitambaa na mtungi wa kichujio cha udongo huzuia takataka, lakini kilichoyeyuka kinapita humohumo pamoja na maji. Kuchemsha kunazidisha: mvuke unapanda, floraidi inabaki, na uji uliokaa motoni muda mrefu unakuwa na floraidi nyingi kwa kila kijiko kuliko maji uliyopikiwa. Hili lina uzito wa pekee kwa watoto wachanga. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata mama mwenyewe akinywa maji yenye floraidi nyingi, hivyo mtoto anayenyonya tu amekingwa; kinga hiyo inaondoka siku anapoanzishiwa uji, au maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima. Kuna pia magadi yanayotiwa kwenye maharage, makande na mboga ngumu ili ziive upesi. Watafiti waliochunguza meno ya watoto wa Tanzania walikuta madoa ya floraidi hata katika vijiji ambavyo maji yake ni mazuri, na magadi ya kupikia yakawa sehemu ya maelezo. Familia yenye kisima chenye floraidi ambayo pia inapikia magadi inaipokea kwa milango miwili.

Wapo watakaosema kwamba wazee wao walikunywa maji ya hapohapo na wakaishi miaka themanini. Jibu la kwanza ni kwamba wazee wengi walikunywa maji mengine kabisa: ya mto, ya chemchemi ya juu mlimani, ya kidimbwi cha mvua. Kisima kirefu cha umeme ndani ya kiwanja ni jambo la miaka ya karibuni, na kinafikia maji yaliyokaa na mwamba muda mrefu sana. Jibu la pili ni kwamba pale wazee walipokunywa maji yenye floraidi, hawakupona. Meno ya kahawia yalihesabiwa kuwa ya ukoo au ya kabila, na maumivu ya mgongo na magoti yakahesabiwa kuwa ya uzee. Floraidi haiui ghafla ikaacha ushahidi mlangoni. Inamdhoofisha mtu taratibu, na mtu huyo anaweza kuishi sana. Kuishi miaka themanini ukishindwa kugeuza shingo si ushahidi kwamba maji yalikuwa salama.

Wengine wataleta hoja yenye nguvu zaidi: kisima cha jirani kimepimwa na kikaonekana kizuri, au, chetu ni kirefu kuliko vyote mtaani, kwa hiyo ni salama. Hapa Bangladesh ina somo kubwa, ingawa huko adui ni aseniki, sumu nyingine itokayo ardhini. Kuanzia miaka ya 1970 nchi hiyo, kwa msaada wa UNICEF na wafadhili wengine, ilisambaza visima vya bomba la mkono ili watu waache maji ya mabwawa yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara. Kampeni ilifaulu kiasi kwamba familia zikaanza kujichimbia wenyewe, mamilioni ya visima vya watu binafsi. Mwaka 1993 ndipo aseniki ya asili ilipothibitishwa katika maji hayo, wakati watu walikuwa wameshayanywa kwa miaka mingi. Uchunguzi wa kitaifa wa visima kama 3,500, uliochapishwa mwaka 2001, ulikuta asilimia 27 ya visima vifupi vimepita mikrogramu 50 kwa lita, kiwango cha nchi hiyo, ambacho chenyewe ni mara tano ya mikrogramu 10 za Shirika la Afya Duniani. Vile vilivyozidi mita 150 vilikuwa karibu vyote salama. Kwa hiyo huko kirefu kilikuwa bora. Lakini katika majivu ya Meru, kwenda chini zaidi kunaweza kukupeleka kwenye maji yenye floraidi nyingi zaidi. Tena huko Bangladesh visima viwili vilivyoachana kwa makumi ya mita tu vilitofautiana, kimoja cha kunywa na kingine cha sumu, kama vile chemchemi mbili za mteremko mmoja wa Meru zinavyoweza kutofautiana. Kanuni ya mwamba mmoja haihamii kwenye mwamba mwingine. Kisima cha jirani kinakueleza habari za kisima cha jirani.

Bangladesh inafundisha na jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha. Mwaka 1992 Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza ilipima maji ya visima vya huko kwa madini mengi, lakini aseniki haikuwamo katika orodha. Mwanakijiji mmoja aliyeugua alifungua kesi Uingereza dhidi ya baraza lililoisimamia taasisi hiyo, na mwaka 2006 majaji wa Bunge la Malodi waliamua kwamba waliopima hawakuwa na wajibu wa kisheria kwake kwa kile ambacho hawakukipima. Uamuzi huo ni mchungu, lakini kila mwenye kisima angepaswa kuujua. Karatasi ya maabara inajibu ulichoiuliza, basi. Mtu akikuonyesha ripoti yenye muhuri na neno “safi”, tafuta mstari wa kile unachokihofia. Kama haupo, hakijapimwa. Ripoti ya vijidudu peke yake haisemi lolote kuhusu floraidi, na ripoti ya floraidi haisemi lolote kuhusu aseniki.

Ndiyo maana orodha ya vipimo inapaswa kutokana na mwamba. Kuanzia Arusha, Manyara na Kilimanjaro hadi Nakuru na Naivasha, floraidi ni ya lazima. Katika ukanda wa dhahabu kusini na mashariki mwa Ziwa Victoria, Geita na Mara, aseniki iwemo, kwa sababu dhahabu ya huko huambatana na madini yenye aseniki, na watafiti wamekuta maji yaliyopita mikrogramu 10 kwa lita. Chuma na chumvi nazo zipimwe, ingawa hizo hujitangaza zenyewe kwa kutu kwenye nguo nyeupe na kwa ladha. Mtu hawezi kuzinywa miaka kumi bila kujua.

Sasa nifike kwenye pingamizi ninaloliona zito kuliko yote. Kuna faida gani kujua, kama hakuna maji mengine? Si swali la wavivu. Tanzania yenyewe ililikabili mwaka 1974 ilipoweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, zaidi ya mara tano ya kile cha Shirika la Afya Duniani, kwa sababu kushika kiwango kikali kungemaanisha kufunga vyanzo ambavyo watu hawakuwa na mbadala wake. Baadaye kilishushwa hadi 4, kisha hadi 1.5. Mantiki ya 1974 ilieleweka kwa serikali iliyokuwa ikihesabu ndoo za taifa zima. Kwa familia moja hesabu ni tofauti, kwa kuwa familia haihitaji maji mazuri kwa kila kitu. Kuoga, kufua, kudeki, kunywesha mifugo michache na kumwagilia bustani kunamaliza sehemu kubwa ya maji ya nyumba, na floraidi haipenyi ngozi ikadhuru mwili. Kinachotakiwa kiwe kizuri ni maji ya kunywa na kupikia, lita kama 5 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita inahitaji lita 30. Kwa kiangazi cha Arusha, Juni hadi Oktoba, siku kama 150, hizo ni lita 4,500. Mvua haina floraidi ya kuhesabika, na paa la bati la mita 50 za mraba hukusanya lita 500 kwa kila milimita 10 za mvua kabla ya kutoa kinachopotea. Mfereji wa bati, tanki la plastiki la lita 5,000 na utaratibu wa kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa vinatosha kumvusha mtoto miaka yake minane ya hatari. Lakini hakuna atakayenunua tanki hilo kwa kuhisi tu. Atalinunua akiwa na namba mkononi.

Kwamba namba huwasukuma watu kutenda limethibitishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bangladesh ilipima visima karibu milioni 5 na kupaka midomo yake rangi: nyekundu kwa chenye aseniki, kijani kwa salama. Katika eneo la Araihazar watafiti walikuta kwamba kujua tu kuwa kisima chao ni kibaya kuliongeza kwa pointi 37 za asilimia uwezekano wa familia kuhamia kisima kingine ndani ya mwaka mmoja, na waliohama walikubali kutumia muda mara 15 ya ule wa awali kuchota maji. Hawa walikuwa watu wa kawaida wa vijijini, na hakuna aliyewalipa. Tahadhari moja tu inabidi isemwe hapa: kukimbia kisima chenye floraidi na kurudi kwenye kidimbwi kichafu si ushindi. Kuhara kunaua mtoto ndani ya wiki. Anayehama ahamie kwenye mvua iliyotunzwa vizuri, bomba la mamlaka linalopimwa, au chemchemi iliyopimwa na maji yake kutibiwa.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Kuchimba kisima kirefu kunahesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, na ada ya kupima floraidi katika maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji ni sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Kinachogharimu zaidi ni uzembe wa kuchukua sampuli. Kisima kipya kivutwe mpaka tope la kuchimbia liishe. Cha zamani kivutwe dakika kadhaa hadi maji yaliyolala bombani yatoke. Chupa iwe ya plastiki, safi, isiyowahi kuwekwa soda wala juisi, isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, ijazwe na kufungwa, na iandikwe tarehe, mahali na kina. Sampuli ya vijidudu ni ya peke yake, katika chupa iliyotakaswa na maabara yenyewe, iwekwe kwenye baridi na kufikishwa siku ileile. Majibu yakija, angalia vizio: floraidi huandikwa kwa miligramu, aseniki mara nyingine kwa mikrogramu, na 0.01 ya miligramu ni sawa na mikrogramu 10. Vijidudu vipimwe mara kwa mara, maana mvua moja kubwa au choo kipya hubadilisha kila kitu. Madini ya mwamba hubadilika polepole, kwa hiyo kipimo cha kwanza, kingine katika msimu ulio tofauti, na kingine kila baada ya miaka michache au kisima kikiongezwa kina, vinatosha.

Vichujio vya floraidi vipo, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, pamoja na mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru, vimefanya kazi ya miaka mingi juu ya mkaa wa mifupa ya ng’ombe. Mifupa huchomwa kwa joto linalodhibitiwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa kuwa punje, na punje hizo hunasa floraidi maji yanapopita. Ikichomwa ovyo hutoa maji yenye harufu mbaya, na hapo watu huiacha. Wapo pia wanaoikataa kwa sababu za dini, na hao wanastahili njia nyingine badala ya kubishiwa. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mkaa hujaa. Siku unapojaa maji hayabadiliki rangi wala ladha, familia inaendelea kunywa ikiamini imekingwa, na floraidi inapita kama zamani. Kwa hiyo kichujio hakiondoi haja ya kupima; kinaiongeza. Anayeuziwa kichujio amuulize muuzaji ni nani atakayepima maji yanayotoka baada ya miezi kadhaa, na mkaa mpya utapatikana wapi.

Limebaki pingamizi ambalo watu hulisema chinichini: ripoti mbaya inashusha bei ya kiwanja na ya nyumba ya kupanga. Ni kweli inaweza kushusha. Lakini mpangaji mwenye mtoto wa miaka miwili anayenywa maji hayo hajakubali kulipia siri ya mwenye nyumba kwa meno ya mwanawe. Hapa ndipo mamlaka zinapoweza kufanya jambo lisilohitaji fedha nyingi. Kuchimba kisima kirefu Tanzania kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde husika. Matokeo ya kemia, pamoja na mahali na kina cha kisima, yangeweza kuwa sharti la kukamilisha kibali hicho, kisha yakabandikwa ofisi ya kijiji au mtaa ili anayetaka kuchimba kesho ajue wenzake walikuta nini na katika kina gani. Wakati sharti hilo halijawekwa, mwenye kisima anaweza kuliweka mwenyewe katika mkataba na mchimbaji: sehemu ya malipo ya mwisho ibaki mkononi mpaka karatasi ya maabara ifike, ikiwa na mstari wa floraidi, au wa aseniki kwa walio upande wa Ziwa.